Mwonjaji wa Glasi ya Pili

Kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa na jina linaloeleweka, kwa hiyo wenzake wakampa la kwao: Mwonjaji. Chakula hakuonja, pombe hakuonja. Alionja watu.

Kipindi chenyewe kiliitwa Glasi ya Pili, na kilirekodiwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili zimeze mwangwi. Kulikuwa na meza ndogo ya mviringo, viti viwili vya sofa vilivyonunuliwa kwa mtu aliyekuwa anahama, taa yenye kivuli chekundu, na chupa. Mgeni aliulizwa anakunywa nini, akamiminiwa, kisha mtangazaji, ambaye kila mtu alimwita Mwenyeji, hata mkewe, akaegemea nyuma na kuanza kupiga soga kama mtu asiye na safari yoyote duniani. Aliamini kwamba kwenye glasi ya kwanza mtu husema yale anayopenda asikike akiyasema, na yaliyo yake hasa huanza kwenye ya pili. Wasikilizaji walikipenda kipindi. Walikisikiliza wakipiga pasi, wakiendesha gari, wakisubiri kuitwa na daktari. Wakasema, huyu bwana ana kipaji, tazama watu wanavyofunguka wenyewe bila hata kusukumwa.

Uongo mtupu. Hakuna aliyefunguka mwenyewe. Kila mgeni alikuwa ameshapita mikononi mwa Mwonjaji.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sura ya mtu aliye karibu kukubaliana nawe. Zamani aliuza bima, na huko ndiko alikojifunza kwamba mtu yeyote ukimtikisia kichwa kwa kipimo atakwambia mambo ambayo hajamwambia ndugu yake. Siku chache kabla ya kurekodi alikwenda nyumbani kwa mgeni, mikono mitupu, hana karatasi wala kinasa sauti. Aliuliza habari za picha zilizotundikwa ukutani. Alisikiliza ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja. Mgeni aliongea weee, mpaka ifike mahali aanze kuchezea pete, au ainuke kufunga dirisha wakati hata upepo hakuna. Hapo Mwonjaji alijua amefika kwenye kidonda. Na hapo hapo, kabla neno halijatoka, alinyoosha kiganja.

"Hiyo iweke," alisema kwa upole. "Usiimalizie kwangu. Iweke."

Hilo walijifunza kwa makosa. Wageni wa mwanzo walimaliza kila kitu sebuleni kwao, wakalia mpaka wakatosheka, na walipofika mbele ya kipaza sauti wakasimulia vifo vya watoto wao kama wanasoma mita ya umeme. Mtu halii vizuri mara mbili. Ndipo Mwonjaji akapata ujuzi wa kufunika sufuria pale tu kifuniko kinapoanza kucheza. Alichompelekea Mwenyeji ni swali moja tu, halina kichwa wala mkia: muulize Jumapili huwa anakwenda wapi. Muulize viatu vya mwanaye viko wapi siku hizi. Mwenyeji alingoja glasi ya pili, akalidondosha swali kana kwamba limemjia sasa hivi, na mtu akavunjika.

Bondia mstaafu alivunjika hivyo. Kila Jumapili alikwenda kumsomea gazeti rafiki yake wa zamani, ambaye yeye mwenyewe alimpofusha ulingoni. Alilia hadi kamasi zikaingia kwenye glasi, na kipande kile kikakatwa, kikasambaa, watu wakakiwekea kinanda cha huzuni chini yake. Bondia akarudi nyumbani kifua wazi, hakuna wa kumfunga. Namba ya Mwonjaji alikuwa nayo, maana kila mgeni alipewa na kuambiwa, ukiwa na lolote nipigie, sisi sasa ni marafiki. Alipiga jioni ile, akapiga kesho yake, akapiga wiki nzima. Mwonjaji aliitazama simu ikitetemeka mezani, akaiacha itetemeke mpaka ichoke. Mkewe alipomuuliza mbona hapokei, alimjibu kwa swali: kwani daktari wa meno huwa anawapigia watu aliowang'oa?

Tabia ya kazini humfuata mtu hadi kitandani. Siku moja mkewe alirudi kutoka kazini macho yamevimba, akaketi bila kuvua viatu, akaanza kusema kwamba leo ameitwa ofisini. Kiganja kikanyooka. Iweke kwanza, nile. Alikula, akanawa, akasahau kuuliza. Baada ya zaidi ya mwezi ndipo jirani alipompa pole, na kwenye pole hiyo akagundua kwamba mkewe alifukuzwa kazi siku ile, na kwamba kila asubuhi alikuwa akivaa sare na kwenda kushinda kwenye duka la shoga yake. Hakuna ugomvi uliofuata. Mwanamke aliacha tu kumwambia mambo. Tangu hapo "gesi imeisha" ndiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote katika nyumba ile.

Mama yake Mwonjaji alihamia kwao baba alipofariki. Ujana wake wote alikuwa opereta wa simu, enzi zile ukitaka kuongea na mji mwingine lazima umwombe mtu akuunganishe. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, na mji mzima ukampitia masikioni: nani kafiwa, nani kafilisika, nani anamtaka mke wa nani. Akastaafu na yote hayo kifuani. Majirani walimchimba, mashoga zake walimchimba, hata marehemu mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alimchimba kwa utani hadi akachoka. Wote waliambulia patupu. Bibi yule angeweza kukaa na siri ya mtu, akamwona mtu mwenyewe sokoni, akamsalimia vizuri na kumuulizia watoto.

Mambo yalianza kwenda mrama walipokuja wageni watatu wa baridi, mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza ni mkamata nyoka, ambaye mbele ya kipaza sauti ilibainika amewahi kukamata nyoka mmoja, na huyo alikuwa ameshagongwa na gari. Wa pili ni hakimu mstaafu aliyeongelea pensheni yake tangu glasi ya kwanza hadi chupa ikaisha. Wa tatu ni mwimbaji wa zamani aliyefika ameshavaa miwani, kalewa chakari, akauliza choo kiko wapi, akajifungia humo na kulala fofofo. Wasikilizaji wakaanza kuandika kwamba kipindi siku hizi kinapwaya.

Mwenyeji hakupandisha sauti. Alikuwa akibandua karatasi ya chupa kwa ukucha, taratibu, miguu juu ya meza. "Wa Alhamisi akiwa baridi," alisema, "mtashuka ngazi pamoja, wewe na yeye. Yeye atapewa pesa ya teksi."

Mwonjaji alirudi nyumbani akiwa amenywea. Mke hana kazi. Mwenye nyumba hana utani. Na umri wake ule, nani atamwajiri mtu ambaye ujuzi wake wote ni kuwazuia watu wasiseme? Walipokuwa mezani alimtazama mama yake akitafuna upande mmoja wa mdomo, upande wenye meno, na kwa mara ya kwanza akamtazama kwa jicho la kazi. Au labda si mama aliyekuwa wa kwanza katika familia kutazamwa hivyo, hilo tutaliona.

Alimweleza bila kuzunguka. Anahitaji mgeni wa moto, asipompata wanamtoa. Mama akauliza huyo wa moto ndiye yupi.

"Anayesema kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu."

Mama alitafuna, akameza, akanywa maji. "Nitakuja," akasema.

Mkewe, aliyekuwa akiosha vyombo, aligeuka akamtazama mama mkwe wake kwa muda, kisha akaufungua mfereji kwa nguvu zaidi. Usiku huo wanawake wale wawili walikaa jikoni wakiongea kwa sauti ya chini hadi Mwonjaji akapitiwa na usingizi. Hakujiuliza wanaongea nini.

Kesho yake akajaribu kumwonja. Alimpelekea chai chumbani, akaketi pembeni mwa kitanda, akaulizia picha ya ukutani, ile ya wasichana wa simu wamejipanga mbele ya ofisi. Mama akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Mimi sionjwi," akasema. "Umeninyonya miaka miwili, ladha yangu unaijua." Akamfukuza chumbani kwa mkono, kama anavyofukuza kuku.

Basi Mwonjaji akaingia Alhamisi kipofu. Hakujua kidonda cha mama yake kiko wapi, wala kama anacho. Alichompa Mwenyeji ni habari za ubao na waya, pamoja na mheshimiwa mmoja wa zamani, marehemu sasa, mwenye barabara iliyopewa jina lake, ambaye ilisemekana kila jioni alimpigia simu mwanamke fulani wa mji wa mbali. Anayejua ni nani, alisema, ni yule aliyekuwa akiwaunganisha. Mwenyeji akasugua viganja.

Mama alivaa gauni lake la kola, akapaka viatu rangi, akapanda ngazi za lile duka akipumzika kila zinapopinda. Chini walikuwa wakikata nondo, ikabidi wangoje mpaka mashine izimwe. Fundi wa sauti, mwanamke mnene asiyeacha kutafuna karanga, alimbandika kipaza sauti kwenye kola na kurudi upande wa pili wa kioo, kwenye mitambo, alikosimama Mwonjaji. Kutoka pale Mwonjaji alimwona mama yake mgongo tu, na mvi za kisogoni.

Mwenyeji akamuuliza anakunywa nini. Alikuwa ameshaandaa juisi, maana Mwonjaji alimhakikishia kwamba mama hagusi kilevi.

"Bia nyeusi," alisema Mama. "Isiwe ya friji."

Fundi wa sauti akamgeukia Mwonjaji, mashavu yamejaa karanga. Mama akamimina mwenyewe, glasi ameilaza ili povu lisipande, kwa mkono wa mtu aliyefanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

Glasi ya kwanza ilikwenda vizuri. Alisimulia joto la vile vifaa vya kusikilizia vilivyobana masikio mpaka yakawa mekundu, msichana mwenzao aliyezimia akiwa ameshika nyaya mbili, mzee mmoja aliyekuwa akipiga kila asubuhi kuuliza ni saa ngapi ilhali saa anayo, ila hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia habari za asubuhi. Mwenyeji alicheka kicheko cha kweli. Alipommiminia ya pili, akaiweka habari ya yule mheshimiwa mezani taratibu.

"Hayo niliapa," alisema Mama.

Mwenyeji akamkumbusha kwa upole kwamba wahusika wote wameshafariki.

"Mimi sijafariki."

Akajaribu mlango wa uani: mapenzi ya zamani yalikuwaje, wakubwa wa zile enzi walikuwa watu wa namna gani. Mama akampiga chenga. Akajaribu utani. Mama akacheka na hakusema. Mwisho Mwenyeji akatoa silaha yake kubwa, akanyamaza. Watu wengi hawavumilii kimya mbele ya kipaza sauti, hukimbilia kukijaza na chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni wao wenyewe. Mama akanyamaza naye. Alishazoea kukaa na waya usiosema kitu, akingoja mji wa mbali uitike. Aliyeshindwa ni Mwenyeji. Akakohoa, akapanga upya kile kibao cha kuwekea glasi mezani, akaanza kusema kitu kuhusu hali ya hewa.

Fundi wa sauti akaanza kukusanya maganda ya karanga kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani. Mwonjaji jasho lilimtoka kwapani hadi kiunoni. Alimtazama mama yake kisogo, na akamwomba Mungu, kwa maneno kabisa, mama yake alie. Alie kwa lolote.

Mwenyeji akaanza kufunga. Ilikuwa adabu tu, ya kumsindikiza mgeni mlangoni: "Kijana wako ndiye anayeniletea watu hapa. Msikilizaji mzuri sana. Bila shaka amerithi kwako."

Mama alizungusha glasi juu ya meza. "Hapana," akasema. "Mimi nilisikiliza, watu wakaenda zao na mambo yao. Huyu akisikiliza anachukua."

Mwenyeji aliacha kuegemea. Fundi akashusha karanga.

Akaanza kusimulia, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemweleza mtu njia. Mumewe alipopigwa na kiharusi alikaa miezi bila neno, ni miguno tu. Yeye alimlisha, alimgeuza, alimnyoa. Asubuhi moja alipokuwa akimfuta uso, mumewe akamshika kifundo cha mkono na kumwita. Alimwita kwa jina lile alilomwita walipokuwa wachumba, jina ambalo hata watoto hawalijui, na hata leo hatalitaja. Kisha akasema, maneno yamenyooka: kaa, kuna kitu nataka kukwambia.

"Mwanangu alikuwa kitini pale," alisema Mama. "Akanyoosha kiganja. Akasema, Baba, subiri kidogo, usiseme kwanza."

Akaenda kutafuta simu yake, aliendelea Mama. Simu haina chaji. Akatafuta waya wa chaji. Akafunga dirisha kwa sababu seremala wa jirani alikuwa anaranda mbao. Akamwondoa mama yake kitandani, akamsimamisha ukutani, eti khanga yake inachakarisha. Akaiweka simu juu ya mto. Akasema, haya Baba, sasa.

"Mume wangu akaitazama ile simu. Akajiweka sawa kola ya pajama. Akakohoa. Akasema, 'Nawasalimu wote. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu. Nawatakia kila la heri.' Basi. Hakusema neno jingine mpaka tunamzika." Akanywa kidogo, akafuta povu kwa kidole. "Tangu msichana nimeishi na yule mtu. Nikaagwa pamoja na wasikilizaji."

Nyuma ya kioo Mwonjaji aliigusa simu yake mfukoni. Sauti ile bado alikuwa nayo. Siku zote aliamini ndiyo zawadi kubwa aliyowahi kuipa familia. Aliipiga msibani kwenye spika kubwa, watu wakaangua kilio, wajomba wakamkumbatia wakisema umetuachia mzee wetu. Mama yake siku hiyo alijifunika uso tangu mwanzo hadi mwisho, naye Mwonjaji alidhani ni shukrani.

Mwenyeji aliuliza, kwa sauti ndogo ya kweli, kama aliwahi kumweleza mwanawe hayo.

"Nilianza. Jikoni, wiki ile ile. Nikamwambia, mwanangu, kuna jambo la baba yako limenikaa hapa. Akaninyooshea kiganja. Iweke Mama, leo nimechoka." Mama akaimalizia glasi. "Nikaiweka. Ndiyo hii."

"Umemsamehe?"

"Ananisikia?"

"Yuko nyuma ya kioo."

"Najua aliko." Hakugeuka. "Nimemsamehe mengi yule. Na hili nimejaribu, nimeliombea, nimeliamkia alfajiri. Halitoki."

Hakulia hata chozi. Mwenyeji ndiye aliyelia, na kwa mara ya kwanza tangu kipindi kianze hakujua aweke wapi mikono yake.

Alipotoka mle chumbani alikuwa ameshajifuta. Alimshika Mwonjaji mabega, macho yanang'aa, akasema kwamba hii ndiyo, tangu waanze hawajawahi kupata hii. Kisha akakumbuka kwamba anayeshikwa mabega ana mama. Akamwachia.

"Ni mama yako," akasema, "na anayesemwa ni wewe. Ukisema tukate, tunakata. Naapa. Tutabaki na ile ya waya na yule mzee wa saa."

Ile ya waya na yule mzee wa saa ilikuwa mgeni wa baridi wa nne, na wote watatu pale walijua. Fundi wa sauti aliweka kidole kwenye mitambo akatazama ukuta. Ndani, Mama alikuwa peke yake, ameshabandua kipaza sauti kwenye kola, anakunja waya wake vizuri, mkunjo juu ya mkunjo.

Mwonjaji aliona haya, shingo ikawaka moto. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno zito kiasi kile, na amesemwa na mama yake mzazi, mbele ya watu wa kazini. Kama angesema kateni, asingesikia mtu mwingine duniani. Angeshuka ngazi bila kazi, amemshika mama yake mkono. Hilo lilikuwa mbele yake wazi kabisa na aliliona. Lakini chini ya ile haya kulikuwa na kitu kingine kinachofurukuta, na yeye alikijua ni nini. Alikuwa amesikia jinsi ilivyo nzuri. Ile salamu ya mzee. Ile pumzi kabla ya neno wasikilizaji. Hakuna mgeni wake yeyote aliyewahi kusema vile, na huyu hakuonjwa hata tone.

"Iacheni ilivyo," alisema. Kisha akamwinamia fundi. "Na pale anaposema halitoki, usiwahi kuingiza muziki. Acha kimya kiende."

Walishuka ngazi pamoja, yeye ameushika mkoba wa mama yake. Alimshikilia kiwiko kila zinapopinda, na Mama akakubali kushikiliwa. Nje jua lilikuwa kali, wapakiaji wanapanga mifuko ya saruji kwenye lori, vumbi jeupe limewatanda nyusi. Wakasimama kando kusubiri teksi.

"Wamependa?" aliuliza Mama.

"Wamependa sana, Mama."

"Kazi yako ipo?"

"Ipo."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mwonjaji akamtazama kwa pembe ya jicho, na tumaini dogo likamwingia, tumaini la mtoto aliyevunja kitu akadhani labda hakijavunjika. Akauliza kama yale maneno yalikuwa ya kweli, au aliyasema ili amwokoe tu.

"Ni ya kweli kila neno," alisema Mama. "Na niliyasema nikuokoe. Ulitaka kitu ambacho sijamwambia mtu. Ya watu si yangu kutoa. Langu lilikuwa hilo moja."

Teksi ikaja. Mama hakusogea.

"Walikuuliza kama wakate?"

Angeweza kudanganya. Lakini yule mama alisikiliza waongo kwenye waya maisha yake yote. "Waliniuliza."

"Ukawajibuje?"

"Nikasema waiache ilivyo."

Mama alimtazama usoni muda mrefu, bila hasira, kama anayesoma namba ili asiikosee. Kisha akauchukua mkoba wake mkononi mwake, akafungua mlango wa mbele, akaketi pembeni ya dereva na kumtajia mtaa wa mdogo wake, ng'ambo ya pili ya mji. Mwonjaji akainama dirishani.

"Mama, nyumbani siyo huko."

"Nguo zangu zimeshafungwa. Mkeo alifunga asubuhi, kabla hatujatoka. Atanipitishia jioni."

"Asubuhi? Lakini asubuhi nilikuwa sijasema kitu."

"Ndiyo. Tulikubaliana kwamba ukisema wakate, nitampigia azifungue."

Akamwambia dereva twende. Teksi ikaingia barabarani nyuma ya lori la saruji, ikapotea kwenye vumbi. Mwonjaji alibaki ukingoni, mkono wake bado umekaa mkao wa kushika mkoba. Machozi yalimtoka, ya kweli, simsingizii. Yalimtoka mbele ya wapakiaji na hakujali. Alilia kama walivyolia wageni wake wote, kifua wazi, hakuna wa kumfunga. Na huku akilia hivyo, kitu kikamchoma moyoni kuliko vyote, akageuka kulitazama dirisha la ghorofani palipokuwa na mitambo: maneno yale ya mwisho ya mama yake hawakuyanasa.